Namna ya Kulala Hekalu la Lanruo na Kuamka Mzima

Ukifika Jinhua, mkoa wa Zhejiang, msimu wa mitihani, usipoteze muda kuulizia chumba mjini. Mtahini wa serikali yuko njiani, wasomi wamemiminika kutoka kila wilaya, na wenye nyumba za wageni wamepandisha bei mpaka mtu wa kawaida hawezi kulala na kula siku hiyohiyo. Toka nje ya mji, elekea kaskazini. Utaliona hekalu la Lanruo. Kumbi zake na mnara wake bado vinapendeza, lakini nyasi za uani zinamfunika mtu, dalili kwamba hakuna anayepita hapo. Milango ya vyumba vya watawa, mashariki na magharibi, imerudishwa tu. Upande wa mashariki wa ukumbi kuna mianzi minene ya kujaza kiganja, na chini ya ngazi kuna bwawa la mayungiyungi ya mwitu yaliyokwisha kuchanua. Kodi hakuna. Chumba kimoja tu, kidogo, cha upande wa kusini, kina kufuli jipya. Kabla hujatandika majani ya kulalia, msubiri mwenye kufuli arudi, umsalimie kwa adabu. Kesho kutwa utamhitaji.

Hapa ndipo alipofikia Ning Caichen katika hadithi ya "Nie Xiaoqian" ya Pu Songling. Na ndipo alipofikia Leslie Cheung mwaka 1987, akimwigiza Ning, akiwa amelowa chapachapa, katika filamu ya Hong Kong A Chinese Ghost Story, iliyoongozwa na Ching Siu-tung na kutayarishwa na Tsui Hark. Hadithi na filamu zina hekalu lilelile, msichana yuleyule na jirani yuleyule mwenye upanga, kisha kila moja inashika njia yake. Mwongozo huu umechota kwa zote mbili. Pale zinapopishana nimeifuata hadithi, kwa sababu inajua jambo ambalo filamu zimeliacha njiani: kutoka Lanruo ukiwa hai ni nusu tu ya kazi.

Mjue kwanza mtu anayekupeleka huko. Pu Songling alizaliwa mwaka 1640 huko Zichuan, mkoa wa Shandong. Mwaka 1658 alifaulu mitihani ya ngazi ya kwanza, tena kwa kuongoza. Baada ya hapo aliufanya mtihani wa mkoa mara kwa mara, akaanguka mara zote, na jitihada hizo zikamzeesha. Kwa miaka 30 hivi alipata riziki yake kwa kufundisha katika nyumba ya ukoo wa Bi, akiishi kwa watu na kumwacha mkewe kijijini. Alifariki mwaka 1715. Mkusanyo wake, Liaozhai Zhiyi, wenye hadithi karibu 500 za mizimu, mbweha wanaojigeuza watu na mengine yasiyo ya kawaida, ulisambaa kwa kunakiliwa kwa mkono, na ulipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1766, nusu karne baada ya mwenyewe kuzikwa. Kwa hiyo anapokwambia kuwa vyumba vinapanda bei wakati wa mitihani, anazijua bei hizo. Na anapokwambia kuwa usiku kuna kitu kinachowatafuta wasomi waliolala peke yao mbali na wake zao, upweke huo pia anaujua.

Haya. Usiku umeingia, umetandika majani, usingizi hauji. Nyuma ya ukuta wa kaskazini unasikia watu wakizungumza. Chungulia. Utaona mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na bibi kizee aliyepinda mgongo, amevaa nguo nyekundu iliyopauka na kitana kikubwa kichwani. Wanamsengenya msichana aliyechelewa kufika. Mmoja anauliza kama Xiaoqian amekuwa akimlalamikia bibi mkubwa, mwingine anajibu kwamba hajasikia, ila uso wake siku hizi hauna raha. Kisha Xiaoqian mwenyewe anatokea na mazungumzo yanageuka kuwa utani na sifa. Ning alidhani ni familia ya jirani, akarudi kulala. Wewe usirudi kulala. Katika maneno yale machache umeshaambiwa kila kitu: kuna bosi, kuna mfanyakazi asiye na furaha, na wenzake wanamtazama kwa jicho la pembeni. Hawa ni watu walio kazini, na kazi yenyewe ni wewe.

Atakuja. Atakwambia kuwa usiku huu una mbalamwezi na yeye hapati usingizi. Mwambie hapana. Akikwambia hakuna atakayejua, mwambie hapana kwa sauti kubwa zaidi, na umtishe kwamba utamwita jirani wa chumba cha kusini. Ataondoka, kisha atarudi mlangoni na kuweka kipande cha dhahabu juu ya shuka lako. Kitupe uani. Usikipime uzito kwanza, wala usiseme utakitunza mpaka mwenyewe apatikane.

Natilia mkazo hatua hizi mbili kwa sababu kesho yake atakuja msomi kutoka Lanxi pamoja na mtumishi wake, watapanga chumba cha mashariki, na usiku huohuo msomi atakufa. Usiku wa pili atakufa mtumishi. Ukimkagua marehemu utakuta tundu moja dogo kwenye wayo, mfano wa tundu la sindano ya fundi viatu, linachuruzika damu kidogo sana. Baadaye Xiaoqian atakueleza mwenyewe jinsi kazi inavyofanyika. Anayekubali kulala naye huchomwa mguu akiwa amepumbaa, akapoteza fahamu, na damu yake hunyonywa kwa ajili ya zimwi linalomiliki eneo lile. Asiyetaka mwanamke huwekewa dhahabu, ambayo si dhahabu bali ni mfupa wa pepo mla watu, na ukilala nayo utaamka huna moyo wala ini. Mtego wa kwanza ni wa mpweke, wa pili ni wa maskini. Na msomi aliyefika Jinhua kwa mtihani huwa vyote viwili.

Hapa ndipo ninapoipenda hadithi hii kuliko nyingine zote za Pu Songling. Ning hakushinda kwa hirizi wala kwa nguvu za mwili. Alikuwa mtu aliyezoea kusema kwamba hajawahi kumjua mwanamke mwingine zaidi ya mkewe, na alipowekwa mahali ambapo kweli hakuna ambaye angejua, maneno yake yakawa vilevile. Xiaoqian anashtuka. Anarudi kumwambia ukweli, kwamba alikufa akiwa na miaka kumi na minane, akazikwa pembeni ya hekalu, na tangu hapo analazimishwa kutumia uso wake kwa kazi anayoichukia. Kwa hiyo, wewe mgeni wa Lanruo, elewa mapema kwamba anayeogopa zaidi hekaluni humo ni mzimu. Ukiyafunga macho na kupiga kelele utaikosa sura yake, na sura yake inaomba msaada.

Kama umeingia Lanruo kwa mlango wa filamu ya 1987, kuna nyongeza. Huko Ning ni mkusanya madeni, hana mke, na daftari lake la hesabu limelowa mvua hadi wino umefutika, hivyo hana namna ya kumdai mtu hata senti. Juu ya dari ya chumba chake kuna maiti zilizonyauka zinazoamka na kumnyatia, na yeye, katika pitapita zake za kutafuta pa kulala, anaziponyoka bila hata kujua kuwa zipo. Usijaribu kumwiga, kwani ile ni bahati ya mtu mwema na haifundishiki. Bosi wa huko ni jitu la mti, lenye sauti ya kike inayogeuka ya kiume katikati ya sentensi, na lenye ulimi unaorefuka hadi kupita msituni na kupasua kuta. Ukiuona ulimi, kimbia kwa kukata kona.

Ukijikuta chumbani kwa Xiaoqian na wenzake wakaingia ghafla, zama ndani ya pipa la maji ya kuoga. Pumzi zitakuishia. Joey Wong, anayemwigiza Xiaoqian, ataingiza uso majini na kukupa hewa kwa mdomo wake, huku nje akiendelea kujibu maswali ya bosi kana kwamba anaoga tu. Tazama tukio hilo kwa makini. Katika hadithi ya Pu Songling kazi ya mzimu ni kumnyonya mtu uhai, na hapa watengenezaji wa filamu wakapata namna ya kuonyesha, bila neno hata moja, kuwa ameanza kuurudisha. Huko ndiko kuiheshimu hadithi ya zamani. Waliongeza tukio ambalo halimo, na tukio hilo likasema kile hasa kilichomo.

Turudi kwa jirani. Anaitwa Yan Chixia, mtu wa Shaanxi, mkavu wa maneno. Katika filamu ni Wu Ma, mwenye ndevu na hasira za haraka, anayelewa na kucheza ngoma ya upanga msituni akiimba kuhusu njia ya Watao. Kwa vyovyote utakavyomkuta, omba kulala chumbani kwake usiku ambao Xiaoqian atakuonya kuwa zimwi linakuja lenyewe. Atakukubalia kwa shingo upande na kukupa sharti moja: usifungue kisanduku chake. Timiza sharti hilo. Usiku wa manane kitu chenye macho ya kumetameta kitakaribia dirisha, na kabla hujapiga kelele, mwanga kama utepe mweupe utachomoka kisandukuni, utavunja jiwe la dirisha na kurudi ndani mara moja. Yan ataamka, ataukagua mbalamwezini na kuunusa. Ni upanga wa inchi mbili hivi, mwembamba kama jani la kitunguu. Filamu zinapenda panga kubwa zinazoruka na kulipuka, nami nazielewa, skrini ni pana na inataka kujazwa. Lakini kile kiupanga kidogo, na mzee anayekinusa ili kujua kama kimegusa uovu, kinanitia baridi kuliko milipuko yote.

Asubuhi, fukua mifupa ya Xiaoqian. Utaulenga mti wa mpopla wenye kiota cha kunguru juu yake, chini yake ndipo alipozikwa. Ifunge kwa nguo, uage vizuri, na Yan atakupa zawadi ya mfuko wa ngozi uliochakaa aliokuwa akiwekea upanga. Upokee. Kodi mashua, na ukiulizwa sema unampeleka dada yako akazikwe nyumbani.

Sasa tumefika mahali ambapo filamu huwasha taa za ukumbi. Ile ya 1987 inaishia alfajiri, Ning akilizuia dirisha kwa mwili wake ili jua lisimchome Xiaoqian, na kwa kuwa amempa mgongo hamwoni akitoweka. Ni mwisho mzuri, na kila ninapoutazama unaniumiza. Hata ile ya mwaka 1960, The Enchanting Shadow ya Li Han-hsiang, iliyotengenezwa na Shaw Brothers na kushindanishwa Cannes, ambayo Betty Loh Ti ni Xiaoqian mtulivu mwenye huzuni ya kweli, moyo wake uko hekaluni. Ya mwaka 2011, ya Wilson Yip, ilimpa Yan Chixia mapenzi ya zamani na Xiaoqian, na Ning akasukumwa pembeni ya hadithi yake mwenyewe. Zote zimekubaliana kuwa kilicho kigumu ni kulishinda zimwi.

Pu Songling hakukubali. Zika mifupa nje ya dirisha la chumba chako cha kusomea, mwagia kaburi divai, geuka uende, na utasikia sauti nyuma yako ikikwambia mngojane. Mpeleke Xiaoqian kwa mama. Hapa ndipo utakapotoka jasho ambalo Lanruo haikukutoa. Mama ana mtoto mmoja tu wa kiume. Mkeo ni mgonjwa, yuko kitandani siku nyingi. Na wewe umerudi kutoka safari na msichana mrembo ambaye ni maiti. Usijibizane na mama. Mwache Xiaoqian mwenyewe aseme, maana atasema maneno ya busara kuliko yako. Ataomba awe dada yako, wala si mke, akuite kaka, na amtumikie mama asubuhi na jioni.

Kisha atafanya alivyosema. Atamletea mama beseni la kunawia, ataingia jikoni, atazunguka nyumba ile kama aliyezaliwa humo. Jioni mama ataogopa na kumpa ishara aende zake, kwani hakuna kitanda alichoandaliwa. Atakuja kwenye chumba chako cha kusomea na kusita mlangoni, kwa sababu ule mfuko wa ngozi bado una harufu ya upanga. Utoe. Ataingia, ataketi karibu na taa, atakuomba kitabu cha sutra aliyokuwa akiisoma utotoni na sasa ameisahau nusu. Saa zitapita. Utamwambia muda umekwenda, naye atasema kuwa kaburi la ugenini linamtisha. Ndugu na dada hawalali chumba kimoja, utamjibu. Atainuka, uso umejikunja kwa kilio, miguu haitaki kwenda, atatoka hadi barazani na kutoweka. Usimwite arudi, hata moyo ukikusuta. Nyumba yenye mgonjwa wa miezi mingi chumba cha pili haihitaji uungwana wa aina hiyo.

Itachukua muda. Mama, ambaye kazi zote za mgonjwa zilikuwa zimemlemea, ataanza kupumua. Atamzoea, kisha atampenda kama bintiye, atasahau kuwa ni mzimu na ataacha kumfukuza usiku. Xiaoqian, aliyekuja bila kula wala kunywa, baada ya nusu mwaka ataanza kunywa uji mwepesi. Hakuna uchawi mwingine katika sehemu hii nzima. Msichana aliyetumwa kuwanyonya watu damu anarudi duniani kwa beseni la maji, kazi za jikoni na kijiko cha uji, na anayemfungulia mlango ni mwanamke mzee aliyekuwa na kila sababu ya kuufunga. Mkeo atafariki kwa maradhi yake. Mama ndiye atakayelifikiria wazo la ndoa, akihofia tu kama mzimu unaweza kuzaa. Siku ya harusi wageni watamtazama bibi harusi na kudhani ni malaika.

Sehemu hii ya nyumbani ndiyo filamu zinayoiacha, na nimekwisha kuziona zikiipunja vivyo hivyo hadithi nyingine ya Pu Songling, "Huapi". Ndani yake zimwi la uso wa kijani linaipaka rangi ngozi ya binadamu na kuivaa kama koti, kisha linampasua bwana na kuondoka na moyo wake. Anayemrudisha ni mkewe. Anakwenda sokoni kwa ombaomba kichaa, anapigwa fimbo, na mbele ya umati analazimishwa kumeza kohozi la mtu yule. Analimeza. Akiwa nyumbani analia juu ya maiti, kitu kinamtoka kooni na kuangukia kifuani mwa mumewe: ni moyo. Filamu ya Painted Skin ya Gordon Chan, ya mwaka 2008, ilimpa mke huyo mwigizaji hodari, Zhao Wei, ikamwachia pia kujitoa mhanga, lakini kohozi likageuzwa sumu na aibu ya sokoni ikageuzwa nywele nyeupe za kupendeza. Pu Songling alitaka tuone jinsi upendo unavyoweza kumdhalilisha mtu hadharani na yeye akaukubali. Kulipaka hilo rangi ni kumpunja mwanamke yule.

Zimebaki hatua mbili. Kwanza, ule mfuko uliouhamisha utafute tena, Xiaoqian atakuomba mwenyewe siku atakapohisi moyo unamwenda mbio bila sababu. Zimwi limegundua kuwa mfanyakazi wake ametoroka na linamfuatilia. Uning'inizeni karibu na kitanda, mkeshe na taa. Litakuja kama ndege, macho ya umeme, ulimi wa damu, litausogelea mfuko na kuukwarua kana kwamba linataka kuuchana. Mfuko utavimba ghafla hadi ukubwa wa vikapu viwili, kitu kitachomoza nusu mwili na kulivuta zimwi ndani. Kisha kimya. Mkichungulia mtakuta maji tu. Yamwageni.

Ya pili inamhusu mwongozaji atakayeichukua hadithi hii tena, maana atatokea, Liaozhai haijawahi kukosa mteja. Hekalu tunalo tayari, zuri, la mwaka 1987, na ulimi wake haujapitwa. Anzia kwenye mashua. Tafuta mwigizaji mkongwe kwa nafasi ya mama na umpe sura nyingi kuliko zimwi. Mpe mke mgonjwa jina, kwani hata Pu Songling hakumpa, na mwache azungumze na Xiaoqian angalau usiku mmoja, wote wawili wakijua nani anaondoka na nani anakuja. Usikate haraka pale barazani. Na uji uwe wa kweli, wenye mvuke, kwenye bakuli la familia.